Mtoto anachemka saa nane usiku: ninayomuuliza mkwe wangu kwenye simu

Mkwe wangu ana adabu kupita kiasi. Hata akinipigia saa nane usiku, mtoto analia begani, huanza na "shikamoo mama", kisha anangoja marahaba. Nimemwambia usiku wa homa shikamoo tuiweke, atanipa mbili kesho yake. Bado anasahau.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Wodi ya watoto, kisha zahanati, miaka thelathini kasoro kidogo, mingi yake huku mkoa wa Tanga. Nakaa Pangani mjini. Yeye na mwanangu wanakaa ng'ambo ya mto, kusini ya Bweni, na ukiwa kule ukaitaka hospitali ya wilaya sharti uvuke. Mchana kuna kivuko. Usiku unakwenda kumgongea mtu mlango akuvushe kwa mtumbwi, mnapatana bei huku mtoto anahema. Mwanangu mvuvi, nusu ya mwezi yuko baharini. Basi "twende au tusubiri" kwetu ni swali zito. Ukikimbia kila homa, hela itaisha, na siku ya homa yenyewe hutakuwa na nauli. Usipokimbia siku hiyo, hakuna hela itakayokusaidia.

Kwa hiyo nimemzoesha maswali. Nayaandika kwa mpangilio ule ule ninaomuuliza, na utaona kipimajoto hakiko mbele.

La kwanza: ana umri gani leo?

Namjua mjukuu wangu kazaliwa lini, lakini nauliza tu, kwa sababu jibu la swali hili linaweza kufunga mazungumzo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, anapelekwa sasa. Hata kama ananyonya. Hata kama anatabasamu. Hatungoji panadol ifanye kazi, na kwa umri huo panadol hapewi mpaka mhudumu aseme. Mwili wa mtoto mchanga haujui kupiga kelele. Maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo yanaweza kuwa yamemjaa na kitu pekee unachokiona ni joto kidogo na uvivu wa kunyonya.

Tena sikiliza hili, maana watu wengi hawalijui: mchanga aliyepoa ni wa kuogopwa sawasawa na aliyechemka. Chini ya 35.5 ni hatari. Tuliwahi kuletewa mtoto wa siku kumi na mbili amezungushiwa kanga tatu, bibi yake anamshukuru Mungu kwamba homa ya jana imeshuka yenyewe. Kweli ilishuka. Ilikuwa 35.1, na miguu ya mtoto ilikuwa kama samaki wa kwenye barafu. Alikaa wodini wiki mbili. Bibi yule hakukosea kuona joto limeondoka. Alichokosa ni mtu wa kumwambia maana yake.

Wapo wanaosema mtoto kapata joto la nguo, na huwa kweli, hasa huku kwetu Januari. Mfungue, mwache na nguo moja nyepesi, pima tena baada ya robo saa au nusu saa. Lakini unapopima mara ya pili uwe umeshavaa viatu.

Kama mtoto hajafikisha siku 28, Tanzania kuna namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama. Ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandike ukutani kabla hujaihitaji.

Kuanzia miezi 2 hadi 3 sina ugomvi na mtu anayetaka kusubiri kupambazuke, ikiwa majibu ya maswali yanayofuata ni mazuri. Ila siku hiyo hiyo aonwe.

La pili: mpe ziwa, nisikie

Siulizi "ananyonya?" Mama aliyechoka atajibu "ndiyo" kwa sababu alinyonya magharibi. Nasema: mpe ziwa sasa hivi, sogeza simu karibu. Kisha nanyamaza. Mtoto anayenyonya kweli utamsikia: anavuta, anavuta, halafu "kh", anameza. Anayeshika chuchu tu akaiacha mdomoni kama kashika kidole, huyo hanyonyi. Mtoto mwenye homa ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila anachomeza, maji kwa maziwa kwa dawa, ni wa kwenda usiku huo, awe na umri wowote.

Angalia vizuri neno "kila". Kutapika mara moja baada ya kikohozi kirefu si habari. Mpe tena taratibu baada ya dakika kumi. Kikirudi tena chote, na mara ya tatu tena, anza kutafuta mtu wa mtumbwi.

La tatu: anakuangalia?

Homa humlaza mtoto, hilo ni jambo la kawaida. Swali ni kama anaamka. Mvue, mwite kwa jina, mkwaruze unyayo. Anayelia kwa hasira akakutafuta kwa macho, ananipa moyo. Kelele ya mtoto mwenye homa naipenda kuliko ukimya wake. Anayefumbua jicho nusu akalirudisha, anayelegea mkononi kama kanga iliyolowa, anayekutazama bila kukuona, toka naye.

Na kinyume chake: mjukuu wangu wa kwanza, akiwa na miezi tisa, alipata 39.6 akawa ametambaa hadi jikoni anapiga sufuria kwa mwiko. Baba yake alikuwa anatetemeka kuliko yeye. Namba kubwa peke yake, kwa mtoto aliyevuka miezi mitatu, anayenyonya na kupiga sufuria, ni sababu ya kumpeleka kupimwa asubuhi, si ya kumvusha mto saa nane usiku.

La nne, na hili tunalifanya pamoja: hesabu pumzi

Hapa ndipo watu wanapoharakisha, na hapa ndipo nichimonia, homa ya mapafu, inapojificha. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mpandishe nguo hadi kifuani. Weka taa pembeni isimpige machoni. Tazama tumbo, si mdomo wala pua: likipanda na kushuka, hiyo moja. Tumia saa ya simu ihesabu dakika nzima, sekunde sitini kamili. Usihesabu kumi na tano ukazidisha kwa nne, watoto wadogo hupumua kwa mafungu, haraka haraka kisha wanatulia, hesabu ya kukatiza itakudanganya.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka. Rudia mara ya pili kuhakikisha, ikibaki hivyo nenda. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka hadi miaka mitano, 40 au zaidi. Mkubwa wa miezi 2 mwenye pumzi za haraka tu, bila dalili nyingine, ananyonya na kucheza, aonwe siku hiyo hiyo bila kukosa.

Ukimaliza kuhesabu usiondoe macho. Angalia pale mbavu zinapoishia. Mtoto akivuta pumzi, kifua na tumbo vinatakiwa vipande pamoja. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta, kama mtu kaminya mkebe, hiyo si ya kungoja alfajiri. Vivyo hivyo mlio mkali anapovuta hewa akiwa ametulia, kuguna kila anapotoa pumzi, matundu ya pua kutanuka, midomo au ulimi kuwa na rangi ya bluu.

Mkwe wangu mara ya kwanza alihesabu akapata 112. Nilikaa kitako kitandani. Kumbe alihesabu kupanda moja na kushuka moja.

Degedege

Sasa hili lazima tuongee kwa utulivu, maana Pwani limebeba mengi. Nimekulia katika nyumba ambamo degedege lilikuwa la dege, ndege mkubwa wa usiku anayepita juu ya paa kivuli chake kikamwangukia mtoto. Mtoto akikakamaa, macho juu, alikimbizwa kwa mganga, akafukizwa kinyesi cha tembo, akaogeshwa dawa. Na kulikuwa na katazo moja kubwa: asichomwe sindano, akichomwa atakufa.

Sitamcheka mtu kwa hilo. Nadhani najua lilikotoka. Mtoto alizungushwa kwa waganga siku mbili, akaletwa kwetu roho iko puani, tukamchoma sindano, akafa nayo mkononi. Mtu aliyesimama pembeni aliona sindano, hakuona siku mbili.

Degedege la homa ni ubongo wa mtoto kushtuka. Mara nyingi, kati ya miezi sita na miaka mitano, husababishwa na joto tu na hupita bila kuacha kitu. Lakini kwenye nchi ya malaria huwezi, ukiwa nyumbani, kulitofautisha na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kila degedege linakwenda hospitali, hata likiwa limekwisha, hata mtoto akiamka akaomba uji. Na kama ni malaria kali, dawa itakayomwokoa ndiyo hiyo hiyo ya sindano, artesunate.

Likimshika: mlaze chini kwa ubavu, kanga laini chini ya kichwa, ondoa vya kumgonga. Tazama saa. Usimbane. Usitie kijiko wala kidole kati ya meno, usimnyweshe chochote, usimmwagie maji. Likizidi dakika tano, au likikatika likaanza tena kabla hajazinduka, usipoteze muda hata wa kutafuta mkoba. Na mkienda, mlaze hivyo hivyo kwa ubavu mapajani.

Nyanya wa mkwe wangu bado anataka kumfukiza. Tumeafikiana naye: hospitali kwanza, mafusho wakirudi. Sijawahi kuona amekumbuka wakirudi.

Mengine ninayopitia haraka

Utosi: mtoto akiwa ameketishwa na hajalia, ukivimba na kukaza kama ngozi ya ngoma, nenda. Ukididimia, na hajakojoa kwa saa sita hadi nane, machozi hayatoki, maji yamemwisha. Hiyo nayo ni ya hospitali, dawa ya kubandika utosini hairudishi maji. Shingo iliyokaza hataki kuinamisha kidevu. Viganja vyeupe, linganisha na vyako kwenye mwanga. Macho ya njano. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Vipele au madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Kwenye ngozi zetu nyeusi yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope ya chini. Moja tu kati ya haya likiwa pamoja na homa linatosha.

Na meno? Meno hayaleti 39. Yanaleta ute na usumbufu. Mtu akikwambia mtoto ana "meno ya plastiki" yang'olewe, au kimeo kikatwe ndipo homa itoke, mshukuru kwa ushauri, mbebe mtoto, ondoka.

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huleta joto la siku moja au mbili. Maswali yanabaki yale yale, na yule wa wiki sita akichemka mpeleke tu akaonwe.

Ndipo kipimajoto, na panadol

Kile cha betri. Kausha kwapa, ncha ikae katikati kabisa, bana mkono wa mtoto ubavuni mpaka kilie. Usipime punde tu baada ya kumwogesha au kumfungua mablanketi. 37.5 kwapani ni homa. Mgongo wa mkono wako unajua joto lipo, ila haujui ni kiasi gani, na kwa mchanga kiasi ndicho kinachoamua.

Panadol ya maji hutolewa kwa uzito wa mtoto, na uzito uko kwenye kadi ya kliniki. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, si zaidi ya mara nne kwa siku. Soma chupa: nyingi zimeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, lakini si zote. Kwa chupa hiyo, mtoto wa kilo 8 anapata mililita 3.5 hadi 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya chai kila nyumba vina ukubwa wake. Aspirini mtoto hapewi.

Niwaambie kosa langu. Binti yangu wa pili alikuwa na miezi saba, mimi muuguzi tayari, kofia nimeitundika mlangoni. Alichemka jioni, nikampa panadol, saa tatu joto likashuka, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Alfajiri mbavu zinabonyea. Panadol ilishusha joto, nichimonia ikaendelea na safari yake. Tangu siku hiyo, homa ikishuka kwa dawa ndipo ninapohesabu pumzi, maana sasa hakuna joto la kusingizia.

Kuhusu malaria, usinunue dawa mseto kwa kubahatisha wala usimalizie mabaki ya kaka yake. Kipimo cha haraka kinachukua tone la damu na dakika zisizozidi ishirini. Kikisema hana, usigombane na mhudumu akupe mseto hata hivyo. Muulize: basi homa inatoka wapi? Sikio? Kifua? Mkojo? Kwa watoto wadogo, mkojo husahaulika mno. Akianzishiwa dawa na homa ikaendelea siku ya pili hadi ya tatu, rudi. Dalili yoyote ya hapo juu ikitokea, rudi saa hiyo hiyo, dawa iwe imeisha au la.

Mto

Vitabu vinasema "mpeleke haraka". Haraka kwa mtu wa Dar na haraka kwa mtu wa ng'ambo ni vitu viwili. Sheria yangu na mkwe ni hii: ikifika saa kumi jioni na jibu moja lina mashaka, si baya, mashaka tu, anavuka na kivuko kingali kinafanya kazi, analala kwangu. Tukigundua ni mafua, tumekula wali pamoja. Kama wewe huna mto, una barabara ya matope, au bodaboda asiyepokea simu baada ya isha. Hesabu umbali wako, kisha rudisha saa ya uamuzi nyuma kwa kiasi hicho.

Jambo jingine ni ruhusa. Tumeshapoteza watoto huku kwa kungoja baba arudi kutoka baharini. Mwanangu nilimkalisha mbele ya mkewe akasema kwa kinywa chake: mtoto akiwa na dalili, usiningoje. Hela ya kuvukia imo kwenye kopo la maziwa, haiguswi kwa mboga. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera, lakini dawa ikikosekana dirishani utatumwa duka la nje, kwa hiyo kopo lisiwe tupu.

Njiani mnyonyeshe kama anaweza kumeza. Mchanga mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike kwa juu, upepo wa mtoni ni baridi hata Februari. Beba kadi ya kliniki na chupa ya dawa aliyokunywa, na uandike saa uliyompa.

Ukifika, usiseme "mtoto ana homa". Benchi zima lina watoto wenye homa. Mkwe wangu aliwahi kusema hivyo katika kituo kimoja, akaambiwa ampe panadol arudi kesho, na hakuna aliyempandisha mtoto shati. Aliondoka kwa adabu yake ile ile. Nilimrudisha kwa simu, nikamfundisha maneno: "Ana miezi mitano. Hajanyonya tangu saa moja. Nimehesabu pumzi, 64. Chini ya kifua panabonyea." Aliyasema kwa sauti, amesimama mlangoni. Daktari alitoka nje mwenyewe.

Mtoto yule sasa anakwenda chekechea. Mdogo wake ana miezi kumi, na juzi usiku simu ikalia tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

"Pumzi arobaini na mbili. Ananyonya, amenimwagia maji ya kunawa. Asubuhi nakwenda kumpima malaria."

Nikarudi kulala.